Majina Yaliyomo Kwenye Simu: Uchambuzi wa Kisa cha Mkopo wa Mtandaoni Mkoani Mtwara

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilishughulikiwa na wasaidizi wa kisheria katika mji mmoja mdogo wa mkoa wa Mtwara. Kimeandikwa kwa ridhaa ya mhusika, ambaye hapa ataitwa Bi. Z, na alisomewa maelezo yote kabla hayajatoka mikononi mwetu. Viwango vya fedha, baadhi ya mambo ya familia yake na majina yaliyokuwa kwenye simu yake vimebadilishwa ili asitambulike, lakini mfuatano wa matukio umeachwa kama ulivyokuwa. Walengwa ni wasaidizi wa kisheria wenzetu, viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, walimu, na yeyote anayeweza kufuatwa na mtu aliyekumbwa na jambo la namna hii.

Usuli

Bi. Z ni mama lishe anayepika karibu na ghala la chama cha msingi cha ushirika. Biashara yake inafuata korosho. Minada inapofunguliwa Oktoba, wabeba magunia, madereva wa malori na wakulima wanaosubiri malipo hula kwake kuanzia chai ya alfajiri, na fedha huzunguka. Kuanzia Juni mambo hugeuka, kwa kuwa hiyo ndiyo miezi ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, ambapo kila nyumba inatoa fedha na hakuna inayopokea, na wateja wale wale huanza kula kwa kuandikiwa kwenye daftari.

Mwezi Julai mwanawe alipangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni nje ya mkoa. Palihitajika godoro, sare, nauli na michango. Kikundi chake cha kuweka na kukopa kilikuwa kinamdai mkopo ambao hajaumaliza, na katiba yao haimruhusu mwanachama kukopa juu ya deni. Angeweza kwenda kwa mjomba wake aliyeko Newala, ambaye kwa taratibu za ukoo wa Kimakonde ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, lakini mjomba huyo alikuwa amemsaidia mwaka uliotangulia, naye akaona haya kurudi mlango ule ule. Akachagua mkopo wa simu, kwa sababu aliyotueleza bila kuzunguka: "Simu haina mdomo." Kauli hiyo ni muhimu kwa kila kinachofuata. Alikopa mtandaoni ili deni lake lisijulikane.

Mfuatano wa matukio

Kiungo cha programu ya mikopo kilirushwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wadogo. Programu yenyewe haikutoka Play Store. Ilipakuliwa moja kwa moja kutoka kwenye kiungo hicho, na simu ilipomwonya kwamba chanzo hakijulikani, aliendelea. Ilipofunguka iliomba kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu, meseji, picha na mahali alipo. Alibonyeza "ruhusu" kila ilipoulizwa, kwa kuwa bila hivyo haikuvuka ukurasa wa kwanza. Mwisho ilimtaka ajipige picha akiwa ameshika kitambulisho cha taifa kando ya uso.

Aliomba shilingi 150,000. Ziliingia 102,000, nyingine zikiwa zimekatwa kwa jina la ada ya huduma, na akatakiwa kurejesha 165,000 ndani ya siku saba. Siku ya tano, kabla muda haujafika, alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole aliyemuuliza kama anakumbuka deni. Alipojibu kwamba bado ana siku mbili, kijana yule alianza kumsomea majina, polepole, kama yalivyoandikwa kwenye simu yake: Baba Salma Ghalani, Dada Katibu Kikundi, Mjomba Newala, Mwalimu Darasa, Shemeji Mkubwa, Sista CTC. Kisha akamuuliza, "Nianze na nani?"

Jina hilo la mwisho linahitaji maelezo. CTC ni kliniki ya tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwa nini namba ya muuguzi wa huko ilikuwa kwenye simu ya Bi. Z, hakutuambia, nasi hatukuuliza. Mtu anaweza kuwa nayo kwa ajili yake mwenyewe, kwa kumsindikiza ndugu, au kwa kuwa muuguzi ni mteja wake wa chakula. Mkopeshaji hakuhitaji kuijua sababu. Kulitaja jina lile tu kulitosha.

Jioni ile Bi. Z alipakua programu ya pili na kukopa ili ailipe ya kwanza. Wiki mbili baadaye alikuwa anadaiwa na programu tatu, kwa jumla iliyopita shilingi 400,000, ilhali fedha zilizomfikia mkononi kwa mahitaji ya mtoto ni zile 102,000 za mwanzo. Aliposhindwa, watu wasiopungua thelathini walipokea ujumbe huu: "Ndugu, wewe ni mdhamini wa mkopo wa huyu. Amekopa na kukimbia. Mwambie alipe leo kabla hatujakuchukulia hatua." Baadhi yao walitumiwa pia ile picha yake ameshika kitambulisho, juu yake pameandikwa TAPELI kwa herufi nyekundu.

Kila aliyeupokea aliusoma kwa nafasi yake. Mjomba aliamini kweli ni mdhamini na akahofia shamba lake. Mwalimu alimwita mtoto ofisini kumuuliza kama nyumbani kuna matatizo, kwa nia njema, mbele ya wenzake. Shemeji wa zamani aliirusha picha kwenye kundi la ukoo wa mtalaka wake. Mwenye kutunza stoo ya ghala, aliyekuwa akimlipia makuli chakula kwa jumla, alihamia kwa mpishi mwingine bila kusema neno.

Mjomba alipanda basi asubuhi iliyofuata. Bi. Z alimwamkia "Shikamoo mjomba," naye akaitikia "Marahaba, mpwa wangu," akakaa, akakataa chai, akauliza, "Simu yako iko wapi?" Kikao cha familia kilikaa alasiri na kukata mashauri mawili: ndugu wachange walipe deni lote, na simu akabidhiwe mtoto wa mjomba, fundi, aikague yote kisha aifute kila kitu. Usiku ule Bi. Z alikuja kwetu. Alituambia kwamba deni si tena linalomnyima usingizi. Alichoogopa ni simu yake kupita mikononi mwa binamu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuizuia simu isifutwe. Kuifuta kungeondoa meseji za vitisho, namba zilizopiga na jina la programu, na majina yangebaki kwa mkopeshaji, kwani yalikwisha kunakiliwa siku programu ilipofunguliwa mara ya kwanza. Hoja hiyo mjomba aliielewa haraka kuliko tulivyotarajia. Alichokataa kwa muda mrefu ni uamuzi wa pili: kwamba Bi. Z apige skrinshoti mwenyewe, achague mwenyewe zipi zitolewe, na kwamba hakuna mwingine atakayeishika simu, sisi wasaidizi wa kisheria tukiwemo. Kwa mjomba, mwenye kuficha ana hatia. Tulimweleza kwamba kilichotokea ni mtu wa nje kuipekua simu ya mpwa wake bila haki, na kwamba familia ikiipekua mara ya pili itakuwa imeendeleza jambo lile lile. Hatukutaja kliniki. Alikubali kwa sharti kwamba zile skrinshoti asomewe, na Bi. Z akachagua za kumsomea.

Baadaye tulijadili watu waambiwe nini. Ndugu walitaka tangazo refu kwenye makundi yote, likieleza alikopa kiasi gani na kwa nini. Tulishauri ujumbe mfupi, mmoja kwa kila mtu, usiogusa deni: "Namba yako imechukuliwa kutoka kwenye simu yangu bila idhini yako. Wewe si mdhamini wangu. Ukitumiwa ujumbe kunihusu, usijibu wala usilipe, nitumie nakala." Muuguzi alipigiwa simu na Bi. Z mwenyewe, faraghani. Kwa bahati mbaya binamu alikwisha kurusha tangazo lake kwenye kundi la ukoo kabla hatujakutana, na watu ambao hawakuwa wamepokea kitu wakalijua jambo kupitia utetezi.

Kuhusu malipo, tuliangalia kwanza kama wakopeshaji wale wanatambuliwa. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha bila kupokea amana, hata kwa njia ya simu, anatakiwa kuwa na leseni ya daraja la pili kutoka Benki Kuu ya Tanzania, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Majina ya wakopeshaji wa Bi. Z hatukuyaona kwa wenye leseni, na namba walizotaka zilipwe zilikuwa za watu binafsi, zikibadilika kila siku. Tulimshauri asitume hata shilingi kwa namba ya mtu binafsi. Mjomba alipinga: "Deni halifi kwa sababu mwenye kudai ni mshenzi." Kauli hiyo ina uzito wake katika jamii yenye kuogopa kufa na deni la mtu, nasi hatukuibeza. Wakakubaliana kwamba zile 102,000 zitachangwa na kuwekwa kwa mjomba, hadi atakapojitokeza mdai mwenye jina, ofisi na risiti.

Hatimaye yalikuja malalamiko rasmi. Meseji zilitumwa kwenda 15040, namba ya kuripoti ulaghai wa simu. Polisi, katika kituo kimoja ambacho hatukitaji, tuliambiwa mara ya kwanza kwamba mambo ya madeni ni ya mahakama za madai. Tuliporudi na maelezo yaliyoandikwa, yakianza na picha ya kitambulisho iliyosambazwa badala ya kuanza na mkopo, tulipewa RB, yaani namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi. Malalamiko yaliandikwa pia kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Matokeo

Simu za vitisho ziliendelea kwa wiki kadhaa, zikapungua, zikakoma. Hakuna aliyekamatwa hadi tunapoandika, na malalamiko yaliyoko Tume hayajatolewa uamuzi. Kikundi hakikumfukuza Bi. Z, ila kilimwondoa kwenye zamu ya kutunza ufunguo wa sanduku, jambo lililomuuma kuliko kunyimwa mkopo. Mteja wa ghala hakurudi. Mtoto aliripoti shuleni kwa kuchelewa. Laini ya simu hakuibadilisha, kwa kuwa wateja wake na akaunti yake ya fedha vyote viko kwenye namba hiyo, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole kama ilivyo kwa kila mtu nchini tangu 2020. Namba ya muuguzi bado anayo, ila ameihifadhi kwa jina lingine.

Uchambuzi

Ni rahisi kukisoma kisa hiki kama cha mtu aliyekuwa na siri katika jamii isiyo na siri, akapotezwa na teknolojia ngeni. Usomaji huo hautoshi. Maisha ya kusini hayakuwahi kuwa ya watu wasioonana. Nyumba ya pwani ina baraza mbele na ua nyuma, na mgeni wa barazani hajui kinachosemwa uani, lakini jirani wa ukuta wa pili anakisikia. Barani, wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, kaya zilizokuwa zimetawanyika kati ya mikorosho zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, na balozi wa nyumba kumi akawa na wajibu wa kujua nani amelala kwa nani. Barua zilipitia sanduku la posta la shule au misheni, na mama asiyejua kusoma alisomewa barua ya mumewe na mtoto wa darasa la tano. Madeni nayo yalikuwa na macho yake: mwenye duka alijua, katibu wa kikundi alijua, na mkulima aliyeuza korosho zake kwa kangomba, yaani wanunuzi wa magendo, zikiwa bado maua mtini alifanya hivyo usiku, akijua kwamba mnunuzi na mashahidi wake watanyamaza kwa kuwa wao wenyewe wana cha kuficha. Msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwahakiki wauzaji ili kuwabaini kangomba, ilionekana ni mikataba mingapi ya namna hiyo ilikuwa imetunzwa na watu waliokuwa wakiijua vizuri sana.

Kilichoyalinda maisha ya mtu katika mazingira hayo ni kwamba kila ajuaye alijua kipande chake tu, na alikuwa mtu anayeweza kuulizwa. Muuguzi alijua la kliniki, hakujua la kikundi. Katibu alijua la kikundi, hakujua la mtalaka. Aliyevujisha aliitwa mbele ya wazee, akatozwa faini au akanyimwa siri nyingine maisha yake yote. Orodha ya majina kwenye simu ilivunja kuta hizo zote kwa pamoja: iliwapanga mjomba, mwalimu, shemeji na muuguzi mstari mmoja kwa alfabeti, kila mmoja akiwa na uhusiano wake umeandikwa kando ya namba, kisha ikaukabidhi mstari huo kwa mtu asiye na uso wala mzee wa kumwita. Bi. Z alipoandika "Sista CTC" alijiandikia mwenyewe, kama anavyoandika kila mtu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba jina analoliandika kwenye simu ni taarifa.

Sheria imekuwa ikilifuata jambo hili kwa hatua ndefu. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston nchini Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala ya kudai haki ya mtu kuachwa kwa amani, wakisukumwa na kamera za papo kwa papo na magazeti ya umbea; hofu yao, ya picha ya mtu kusambazwa asikotaka, ndiyo iliyomkuta Bi. Z. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 liliikinga familia, maskani na mawasiliano katika ibara ya 12, na Katiba yetu, kwa marekebisho ya 1984 yaliyoingiza haki za binadamu, ikafanya hivyo katika ibara ya 16, ikiutaja hata unyumba. Hata hivyo, kwa miaka mingi ibara hiyo haikuwa na ofisi ambayo mama lishe angeweza kuiandikia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Kwa mujibu wake anayekusanya taarifa za watu lazima asajiliwe, azitumie kwa lengo lililotajwa tu, na aliyeumizwa anaweza kudai fidia. Miamala ya fedha ya mtu na mambo ya afya yake ni miongoni mwa taarifa nyeti. Google nayo, tangu 2023, inazikataza programu za mikopo zilizoko kwenye duka lake kusoma majina na picha za mtumiaji, na hiyo ni sababu mojawapo ya viungo vya pembeni kama kile alichokibonyeza Bi. Z.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yetu, ni kuutenganisha uvunjaji wa faragha na deni tangu sentensi ya kwanza. Kila tulipoanza na mkopo, msikilizaji, awe askari, mjomba au mwenyekiti wa kikundi, aliuliza kwa nini alikopa. Tulipoanza na picha iliyosambazwa, aliuliza nani kaisambaza. Kumwachia Bi. Z simu yake pia kulifaa, ingawa kulitugharimu muda na huenda tulikosa ushahidi ambao hakutaka kuutoa. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi juu ya nani ajue nini hawezi kusaidiwa na watu wanaomnyang'anya uamuzi huo huo, hata kama ni ndugu na hata kama wana nia njema. Ule ujumbe mfupi ulifanya kazi kwa wengi waliokwisha kupokea vitisho, na baadhi yao walirudisha nakala za meseji zilizotusaidia kupanga tarehe.

Palipokwama ni pengi. Tangazo la binamu lilimdhuru Bi. Z kwa upana kuliko mkopeshaji alivyomdhuru, na halikuweza kurudishwa. Shuleni hatukufika mapema, na hadi leo hatuamini kwamba mwalimu anaona kosa katika kumhoji mtoto juu ya deni la mama yake mbele ya wenzake. Kikundi nacho, ambacho kisheria ni mtoa huduma ndogo za fedha wa daraja la nne na kina daftari lililojaa siri za wanachama, hakikuwa na kanuni hata moja kuhusu mwanachama aliyechafuliwa kwa namna hii, hivyo kila mmoja aliamua kwa hisia zake.

Jambo lililotusumbua zaidi ni wale thelathini. Bi. Z aliruhusu majina yasomwe, kwa kubonyeza, hata kama hakuelewa anachokubali. Mjomba, mwalimu na muuguzi hawakubonyeza chochote. Namba zao zilichukuliwa na kutumiwa kuwatisha kwa udhamini wasioujua, na ruhusa ya mtu mwingine haiwezi kuhesabiwa kuwa ni yao. Tuliwaomba waandike malalamiko yao wenyewe kwa Tume. Waliokubali kuweka sahihi ni wawili, mjomba akiwa mmoja wao. Wengine walijibu kwamba wao hawakuibiwa kitu, au kwamba hawataki majina yao yaonekane kwenye mambo ya madeni ya mtu. Bila wao, jalada limebaki la mwanamke mmoja dhidi ya namba zisizopatikana.